Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: tuzo ya sayansi ya siasa ifike mpaka mwaloni

Kwenu Makamu Wakuu wa vyuo vikuu nchini, Wakuu wa Idara za Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, na Waziri mwenye dhamana ya elimu ya juu.

YAH: TUZO KWA WANAFUNZI NA WAHADHIRI WA SAYANSI YA SIASA

Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Wengine, poleni na majukumu.

Nawaandikia kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Nafundisha Historia na GS, yaani somo la Maarifa ya Jumla, kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka wapo vijana wanaotoka darasani kwangu na kuja kwenu kusoma sayansi ya siasa. Baadhi yao hurudi huku baada ya miaka miwili mitatu, safari hiyo wakiwa na dodoso mkononi. Nawaona wakija, nawaona wakiondoka, na ndiyo sababu naandika. Ombi langu ni moja. Anzisheni tuzo ya sayansi ya siasa kwa wanafunzi, na nyingine kwa wahadhiri wanaowasimamia, na sharti la kwanza la kuishindania liwe kwamba utafiti umerudishwa kwa watu waliohojiwa, kwa Kiswahili, nao wamepata nafasi ya kuujibu.

Nieleze kwanza mambo yanavyokwenda sasa. Mwanafunzi anafika na barua ya utambulisho kutoka chuoni. Anaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, inapita halmashauri, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Inapofika mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, Katonga au Kibirizi, ina mihuri kila kona, mingine imegongwa juu ya mwenzake hata tarehe hazisomeki. Katika ofisi zote hizo hakuna anayemuuliza matokeo yatarudi lini na yatakabidhiwa kwa nani. Barua inamruhusu kuchukua. Kuhusu kurudisha haisemi kitu.

Mwaloni anakutana na watu wa BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia rasilimali za ziwa. Niliwahi kumsindikiza kijana mmoja kwa katibu wa kikundi cha namna hiyo. Mzee yule alitoa kaunta buku lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, akalifungua juu ya mtumbwi uliofudikizwa mchangani. Ndani yake mlikuwa na majina ya wenye vipe, vyombo vya kuvulia usiku kwa taa, idadi ya taa za kila kipe, nani kalipa leseni na nani bado, nani alikutwa na nyavu zisizoruhusiwa, na kikao kiliamua nini juu yake. Kumbukumbu za miaka, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, kurasa nyingine zikiwa na alama za vidole vya mafuta. Kijana alizipiga picha kwa simu moja baada ya nyingine, mzee akimfunulia kurasa. Walipomaliza, mzee aliuliza swali moja tu: majibu ya haya maswali yako, na sisi tutayaona lini? Kijana aliahidi kuyaleta. Hajayaleta hadi leo, na mzee bado ananiulizia.

Simlaumu yule kijana. Chuo kilimdai sura tano, jalada gumu na saini ya msimamizi. Hakikumdai arudi. Nauli ya kuja tena Kigoma ni juu yake, bumu, posho yake ya chuoni, limekwisha, na anayerudi na asiyerudi wanapata alama zile zile.

Sasa tazameni hasara yake. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisitishwa Ziwa Tanganyika kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mimi naamini ziwa lilihitaji kupumzika. Dagaa na migebuka hawakuwa tena kama zamani, na kila mvuvi alilijua hilo. Lakini mngesikia maswali yaliyokuwa yakiulizwa mialoni wiki zile! Nani alikaa kwenye kikao kilichoamua? Mvuvi wa Kigoma aliwakilishwa na nani? Sisi tukiacha nyavu nyumbani, nani anahakikisha kwamba na wa ng'ambo kaacha? Mwenye kipe pengine ana shamba au duka la kumvusha miezi mitatu. Kijana anayevuta nyavu kwa mgawo wa usiku huo atakula wapi? Na anayepiga doria, yeye anasimamiwa na nani?

Uwakilishi, mikataba kati ya nchi, uhalali wa mamlaka, nani abebe gharama ya uamuzi wa wote: ndizo mada mnazofundisha muhula wa kwanza. Huku ziliulizwa na watu waliokaa juu ya makreti matupu. Naamini maktaba zenu zina tasnifu zilizogusa maswali hayo, tena kwa takwimu zilizotoka katika makaunta buku ya watu hawa hawa. Siku zilipohitajika, hazikuwepo mwaloni.

Msidhani naomba jambo la kienyeji. Kazi ya aina hii ndiyo iliyompa mwanasayansi ya siasa mmoja tuzo ambayo hata wachumi wanaililia. Elinor Ostrom alizaliwa Marekani mwaka 1933. Alitaka kusomea uchumi hadi uzamivu, mlango ukafungwa, kwa sababu alipokuwa msichana shuleni alizuiwa kuendelea mbele na hisabati. Akaingia sayansi ya siasa. Tasnifu yake ya mwaka 1965 ilihusu maji ya chini ya ardhi kusini mwa California: visima vingi, kila mwenye kisima anavuta, maji ya chumvi ya bahari yanaanza kuingia, na watumiaji wanalazimika kukaa vikao kutafuta kanuni. Swali hilo hakuliacha maisha yake yote. Watu wanaotegemea mali moja ya pamoja, iwe ziwa, msitu, malisho au mfereji, wanawezaje kuitunza bila kungoja kila kitu kutoka serikalini, na bila kuikatakata na kuiuza?

Upo mfano mmoja katika maandishi yake ambao ningependa kila BMU ya Kigoma iusikie. Mjini Alanya, pwani ya Uturuki, wavuvi wadogo walikuwa wakigombana, hata kupigana, kwa ajili ya sehemu nzuri za kutega. Mwishowe wakajitungia utaratibu. Kila Septemba majina ya wavuvi wanaostahili yanaorodheshwa. Sehemu za kutega nazo zinaorodheshwa, kila moja kwa jina lake, zikiwa zimeachana vya kutosha ili nyavu za huku zisizibe samaki wa kule. Kisha wanapiga kura ya bahati kujua nani aanzie wapi. Kuanzia Septemba hadi Januari kila mvuvi anasogea sehemu moja kuelekea mashariki kila siku; kuanzia Januari hadi Mei wanageuza, wanasogea kuelekea magharibi. Kwa hiyo kila mtu ana siku yake ya kufika penye samaki wengi, na anayekalia zamu ya mwenzake anajulikana asubuhi hiyo hiyo, kwani mwenye zamu atafika na kumkuta. Hawahitaji boti ya doria kwa jambo hilo.

Maelezo hayo Ostrom hakuyakusanya mwenyewe. Yalitoka kwa mtafiti mwingine, Fikret Berkes, aliyewafuata wavuvi hao. Mwanafunzi ninayemtetea katika barua hii ni yule anayeifanya kazi ya Berkes, ya kwenda na kukaa na watu mpaka aelewe.

Mwaka 1999 Ostrom alipewa Tuzo ya Johan Skytte, inayotolewa na Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden tangu 1995 kwa ajili ya sayansi ya siasa. Mwaka 2009 alipata Nobeli ya Uchumi pamoja na Oliver Williamson, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Fedha zake alizitoa kwa kituo cha utafiti alichokianzisha na mumewe katika Chuo Kikuu cha Indiana. Tuzo hizo zilifanya watu wa maamuzi wasome mambo ambayo wavuvi na wakulima walikuwa wakiyajua siku zote.

Mtasema huyo alikuwa profesa mkongwe. Basi tazameni mwanafunzi. Mwaka 1934 Ralph Bunche, Mmarekani Mweusi, alihitimu uzamivu wa sayansi ya siasa Harvard, na tasnifu yake ikapewa Tuzo ya Toppan ya chuo hicho. Alikuwa amesafiri hadi Afrika Magharibi kulinganisha utawala wa Wafaransa katika nchi mbili jirani: Togo, waliyoitawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na Dahomey, Benin ya leo, iliyokuwa koloni lao la kawaida. Alitaka kujua kama usimamizi wa kimataifa ulimsaidia Mwafrika kitu chochote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Umoja wa Mataifa ulimkabidhi idara ya nchi zilizo chini ya udhamini, na Tanganyika yetu ilikuwa mojawapo. Baraza la Udhamini ndilo ambalo Mwalimu Nyerere alisimama mbele yake Machi 1955 kuizungumzia nchi hii. Bunche alikuja kupata Nobeli ya Amani mwaka 1950. Sitarajii kila tasnifu ifike huko. Lakini uwepo wa tuzo uliwalazimu watu wazima kukaa chini na kuisoma kazi ya mwanafunzi kwa makini, wakati bado hana jina.

Na huku magharibi si mahali pa kuchota takwimu tu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ule uliomtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi walifika wakiwa na nia ya kususia, wakaondoka wameamua kushiriki, naye Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda chama chake. Kushiriki au kususia ni mjadala ambao bado haujaisha nchini, na moja ya vikao vyake vikubwa kilifanyika kwenye reli hii hii yetu. Nikitaja na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani kwetu, iliyopo tangu 1996 na ambayo imepokea watafiti kutoka kila pembe ya dunia, nadhani mtanielewa ninaposema kwamba ukanda huu umetoa sana kuliko ulivyopokea.

Turudi kwenye zawadi zilizopo. Vyuo vingi vina siku ya kuwazawadia wanafunzi, nami nashukuru ipo. Benki inamzawadia wa uhasibu, kampuni ya mawakili inamzawadia wa sheria. Wa sayansi ya siasa akipata, anapata kwa kuwa GPA yake imewapita wenzake. GPA ni kipimo halali, sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba haimwoni aliyetoka nje ya chuo. Mwanafunzi mwerevu anajua kwamba akitaka 4.4 ya daraja la kwanza, au hata ile 3.8 inayotajwa kwenye matangazo ya kazi za ukufunzi msaidizi, njia salama ni mada ndogo, wahojiwa wa karibu na hosteli, na hitimisho lisilomshtua msimamizi. Anayekuja Kakonko au Uvinza anajitafutia homa, gharama na kuchelewa.

Halafu kuna uovu mnaoujua kuliko mimi: tasnifu za kununua. Zinapatikana kwenye vibanda vya steshenari kwa bei ya kupatana, na sasa kuna programu za kompyuta zinazoandika sura nzima kwa dakika chache. Kuna madodoso yanayojazwa chumbani usiku mmoja, kwa kalamu za rangi tofauti ili yaonekane yamejazwa na watu wengi. Mnaweza kununua mitambo ya kunasa wizi wa maandishi, na ni vizuri mkinunua. Ila hakuna mtambo utakaomshinda mwanakijiji anayesema, huyu sijawahi kumwona. Anayeshindania tuzo akijua kwamba atasimama mbele ya watu anaodai aliwahoji, ataenda kweli kuwahoji.

Nina mfano wa kazi ninayoitaka, na nimeuona kwa macho yangu. Msichana niliyemfundisha alikwenda kusoma sayansi ya siasa, akafanya utafiti wake katika kijiji kimoja wilayani Kasulu. Alitaka kujua kwa nini wanawake wanajaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji lakini hawasikiki taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa. Alihudhuria mikutano, akaandika nani kakaa wapi, nani kasimama kuuliza, na ilikuwa saa ngapi. Akagundua kwamba mapato na matumizi huwekwa mwisho wa ajenda, baada ya ulinzi, michango ya madarasa na matangazo ya chanjo, na zamu yake ikifika wanawake wengi wameshanyanyuka. Katika hitimisho akaandika kwamba wanawake wa kijiji kile wana mwamko mdogo.

Alipomaliza chuo alirudi, kwa nauli aliyopewa na mama yake. Mwenyekiti alimpa nafasi. Alisoma karatasi zake mbili chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya kijiji, mkono ukimtetemeka kidogo. Alipofika kwenye mwamko mdogo, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama bila kungoja kuitwa. Akasema mkutano unaanza saa nane, hesabu zinasomwa saa kumi na moja, na saa kumi na moja ndipo maji yanapotoka bombani. Atakayekaa kusikiliza hesabu, watoto wake watalala bila maji. Wanaume wakacheka, kisha wakanyamaza, maana wote walijua ni kweli. Binti akatoa kalamu, akaifuta ile sentensi mbele yao na kuandika nyingine. Mkutano uliofuata, kama alivyonisimulia mtendaji, mapato na matumizi yaliwekwa ajenda ya pili, mara tu baada ya kufungua kikao.

Binti huyo alihitimu na GPA ya 3.4. Siku ya zawadi hakuitwa mbele. Na nakala yake iliyo chuoni bado inasema wanawake wana mwamko mdogo, kwa kuwa ilikwishafungwa jalada kabla hajarudi kijijini.

Kwa hiyo ninapoomba sharti la kurudisha, naomba liwe kabla ya jalada. Mwanafunzi atayarishe muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili ambacho mtu wa darasa la saba anaelewa. Ausome kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa; kijijini mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo nafasi ipo. Nakala ibaki ofisi ya kata. Walichokikubali watu kiandikwe, na walichokikataa kiandikwe vile vile, kama kiambatisho, hata kama mtafiti anaendelea kuamini kwamba wao ndio wamekosea. Majaji wasome vyote viwili. Barua ya utambulisho nayo iongezwe mstari mmoja tu, wenye tarehe ya kurudi na cheo cha atakayekabidhiwa matokeo.

Hapa lazima niseme neno la tahadhari. Kuna tafiti ambazo zikisomwa hadharani zitamuumiza mtu. Mwanafunzi aliyeandika juu ya fedha za kijiji zilizopotea hawezi kusimama na kutaja nani alimwambia. Aliyezungumza na wakimbizi ana dhamana kubwa zaidi, kwani mtu anaweza kudhurika huku au huko alikotoka. Katika kazi za namna hiyo kurudisha kufanyike kwa njia nyingine: kwa kikundi kidogo, kwa mdomo, au kwa taarifa isiyo na majina wala alama za kumtambulisha mtu. Msimamizi na kamati ya maadili ya utafiti waamue mapema. Usalama wa mhojiwa uwe mbele ya tuzo, siku zote.

Wahadhiri sasa. Kupanda cheo kunategemea zaidi makala katika majarida, na mengi ya majarida hayo yako nje na yanaandikwa kwa Kiingereza. Mhadhiri aliyepanda basi hadi Kasulu akakaa nyuma kabisa kumsikiliza mwanafunzi wake, au aliyeisoma rasimu mara nne na kuirudisha imejaa wino mwekundu, hapati kitu kwa hilo, na mwenzake aliyetia saini bila kusoma hapungukiwi. Chama cha Sayansi ya Siasa cha Marekani, kilichoanzishwa 1903, kina tuzo za ufundishaji na ulezi wa wanafunzi, mbali na zile za vitabu na tasnifu. Na sisi hatuanzi patupu. Chama cha Sayansi ya Siasa cha Afrika kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1973. Mahmood Mamdani, aliyefundisha Mlimani miaka ya 1970, alipewa Tuzo ya Herskovits ya Marekani, ya vitabu bora kuhusu Afrika, mwaka 1997. Walimu waliopita kwenye madarasa yetu wameheshimiwa ughaibuni. Wa leo waheshimiwe nyumbani, na waheshimiwe kwa kufundisha. Napendekeza wateuliwe na wanafunzi waliosimamiwa nao, miaka miwili baada ya wanafunzi hao kuhitimu, wakati hakuna tena alama inayongojewa wala barua ya mapendekezo inayoombwa.

Jambo gumu kuliko yote ni fedha na majaji. Tuzo ya hisabati ikilipiwa na mwanasiasa, hesabu haibadiliki. Tuzo ya sayansi ya siasa ikilipiwa na chama, na mbunge, au na mtu anayejiandaa kugombea, imekufa siku hiyo hiyo. Mwanafunzi anayechunguza jimbo la mfadhili ataandika nini? Msikubali fedha hizo hata zikija na ukumbi, chakula na kamera. Msiipe tuzo jina la kiongozi aliye hai. Wapo maelfu waliosoma fani hii ambao leo ni maafisa tarafa, maafisa utumishi, wanadiplomasia, wanahabari na walimu. Waombeni mchango mdogo kila mwaka, na orodha ya waliochanga iwekwe wazi. Fedha za kumlipia mshindi ada ya shahada ya uzamili zingetosha kabisa, pamoja na nauli za wote walioingia hatua ya mwisho.

Majaji watoke chuo kingine, si kile cha mshindani. Mmoja wao awe mtu wa mahali palipofanyiwa utafiti, mwalimu, mtendaji mstaafu, kiongozi wa wavuvi au wa kikundi cha akina mama, mwenye kura sawa na ya profesa. Vigezo vitangazwe kabla, na sababu za kumchagua mshindi ziandikwe na kusomwa na yeyote anayetaka. Na ikitokea kazi bora ya mwaka inaikosoa halmashauri, wizara au chama, ipewe tuzo kama inavyostahili. Isiondolewe kwa simu iliyopigwa usiku. Wakuu wa idara, hili nawaomba ninyi hasa, kwa kuwa simu hiyo ikipigwa itapigwa kwenu. Mkishindwa hapo, ni heri tuzo isiwepo kuliko kuwepo ya kuwafundisha vijana woga.

Kwako Mheshimiwa Waziri: serikali imeonyesha kwamba ikitaka inaweza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina vigezo, ina majaji, ina tarehe yake ya Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, na waandishi wasiojulikana wamejulikana kupitia kwayo. Samia Skolashipu, tangu mwaka wa masomo 2022/2023, imewabeba vijana waliofaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita. Ninawafahamu wazazi ambao ufadhili huo umewafuta machozi, nami nafurahi pamoja nao. Lakini madaraja yatakayojengwa na wahandisi hao yataamuliwa kwenye vikao, na dawa zitakazogunduliwa zitagawanywa kwa sera. Wanaotusaidia kuelewa vikao na sera nao ni wanasayansi. Sikuombi uiendeshe tuzo hii wewe. Kwa sababu nilizozitaja hapo juu, ni bora wizara ikae mbali na uchaguzi wa washindi. Nakuomba kazi ya kurudisha utafiti kwa wananchi itambuliwe katika utaratibu wa kuwapandisha vyeo wahadhiri, na vibali vya utafiti viwe na sharti la kurudisha, kwa watafiti wa ndani na wa nje.

Najua litakuja suala la gharama. Chuo kimoja kianze, na idara moja, na mkoa mmoja. Ikiwa Kigoma, walimu wa sekondari tutasaidia kuwapokea wanafunzi, kuwatafutia mahali pa kulala na kuwafikisha vijijini, bila malipo. Wasioweza kusafiri mara mbili wapange utafiti wao ili kikao cha mkutano mkuu kiangukie mwishoni mwa kukaa kwao, wasome matokeo ya awali papo hapo. Si lazima yawe yamekamilika. Yule mama wa Kasulu hakungoja sura ya tano ndipo aseme.

Naomba tangazo litoke kabla wanafunzi hawajagawiwa wasimamizi wa mwaka ujao wa masomo. Na naomba jibu la barua hii kwa maandishi, liwe la kukubali au la kukataa, likiwa na sababu zake. Tutalibandika ubaoni kidato cha sita walisome kabla hawajajaza maombi ya vyuo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia na GS,
Kigoma